Majivu kwenye zege: nani anamwibia nani?

Wadau, nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili. Sikuwa mgonjwa wala sikufungwa. Nilikuwa nasoma habari za majivu. Msicheke, subirini kwanza.

Mjomba wangu anajenga Bagamoyo. Kiwanja kiko karibu na bahari kiasi kwamba jioni upepo ukivuma unaonja chumvi mdomoni. Usiku mmoja akanipigia simu, sauti juu: "Mjomba, wewe si mwandishi wa habari? Njoo na kamera. Watu wanauziwa majivu hapa kwa bei ya saruji!"

Nikapanda gari asubuhi. Nilimkuta fundi wake ameketi juu ya rundo la mifuko, amenuna kama mtu aliyefiwa. Akanionyesha maandishi madogo ubavuni mwa mfuko: CEM IV/B-P 32.5N. Kuna mtu wa duka la vifaa alimweleza kwamba hiyo P maana yake ni pozolana, na pozolana ni majivu ya volkano. "Sasa kaka," akaniambia, "majivu si ya kumwaga jalalani? Wanatuchanganyia ili mfuko ujae. Nyumba hii ikidondoka nitalaumiwa mimi."

Nikapiga picha. Njiani kurudi Dar nilikuwa nimeshaandika kichwa cha habari kichwani mwangu, cha ukurasa wa kwanza. Kilichofuata ni kwamba nilianza kusoma, na habari yangu ikafa mikononi. Mhariri alisema hakuna skendo hapo, hivyo hakuna habari. Basi naiweka hapa, kwa sababu mimi naona habari ipo, na ina umri wa miaka zaidi ya 2,000.

Tuanze na kitu ambacho wengi wetu tuliosoma sanaa hatukufundishwa. Saruji ikikutana na maji haikauki kama udongo, inafanya kemia. Katika kemia hiyo zinatoka bidhaa mbili kubwa. Ya kwanza ni gundi yenyewe, mchanganyiko wa kalsiamu, silika na maji, ndiyo inayoshika mchanga na kokoto. Ya pili ni chokaa huru, ambayo inakaa tu humo ndani, kati ya moja ya tano na robo ya uji wa saruji uliokwisha kuganda. Chokaa hii haishiki kitu kwa maana ya maana. Inayeyuka, inaliwa na asidi, na inawakaribisha wageni wabaya. Ina faida moja ambayo nitaisema baadaye, lakini kwa sasa ikumbuke kama mpangaji asiyelipa kodi.

Warumi hawakujua kemia hii, ila walijua matokeo yake. Katika ghuba ya Napoli, Italia, karibu na mji wa Pozzuoli, kuna majivu ya volkano. Msanifu majengo Vitruvius, aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza kuhusu unga wa pande za Baiae ambao ukichanganywa na chokaa na mawe unakuwa mgumu hata chini ya maji ya bahari. Hapo ndipo lilipotoka neno pozolana, hilo hilo lililomkosesha fundi usingizi Bagamoyo. Mfalme Herode alipojenga bandari ya Kaisaria miaka ya 20 kabla ya Kristo, majivu hayo yalisafirishwa kwa meli kutoka Italia hadi Palestina. Hebu fikiria gharama ya kubeba majivu kuvuka bahari enzi za matanga. Hakuna mtu anayefanya hivyo ili "mfuko ujae".

Zege lile la bandarini limo majini hadi leo. Miaka ya 2000 watafiti walilitoboa kwa mashine na kuchukua vipande virefu kama mihogo, na majibu ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2013 na 2017 yalionyesha jambo la ajabu: maji ya chumvi yaliyopenya ndani yalikuwa yameotesha fuwele mpya ambazo zilizidi kulikaza. Ila tusidanganyane, Warumi hawakuweka nondo. Nondo ndiyo iliyoleta kesi nyingine kabisa, nitaifikia.

Baada ya Roma kuanguka ujuzi huu ulififia sehemu kubwa ya Ulaya. Mtu aliyeufufua kwa namna ninayoipenda ni Mwingereza John Smeaton. Mwaka 1756 alipewa kazi ya kujenga mnara wa taa juu ya mwamba wa Eddystone, nje ya Plymouth, mahali ambapo minara iliyotangulia mmoja ulichukuliwa na dhoruba na mwingine ukaungua. Smeaton alijaribu chokaa za kila aina kwa mikono yake. Akaishia kuchanganya chokaa ya Aberthaw, Wales, na pozolana iliyoletwa kutoka Civitavecchia, Italia, nusu kwa nusu. Taa ikawashwa mwaka 1759. Mnara ulisimama zaidi ya miaka 100, na ulipokuja kuondolewa haukuondolewa kwa sababu ya kuchoka. Mwamba wenyewe ulikuwa unaliwa na mawimbi kwa chini! Sehemu ya juu ikahamishiwa mjini Plymouth, na kisiki chake kiko pale mwambani mpaka leo. Jiwe la Mungu lilishindwa kabla ya udongo wa Smeaton.

Halafu ikaja saruji ya Portland. Joseph Aspdin aliisajili mwaka 1824, na kizazi kilichomfuata kikaiboresha kwa kuichoma kwa moto mkali zaidi. Ilikuwa na nguvu, ilikuwa ya haraka, na viwanda viliweza kuitoa kwa wingi. Nani tena angehangaika na majivu kutoka Italia? Watu wakaamini wamepata jiwe la kutengeneza, la milele.

Milele yenyewe haikufika mbali. Zege lililokaa kwenye maji na udongo wenye salfeti lilianza kuvimba, kupasuka na kugeuka uji. Mwaka 1892 Mjerumani Wilhelm Michaelis aliuita ugonjwa huo "kijidudu cha saruji". Hapakuwa na kijidudu chochote, bali chini ya hadubini zilionekana sindano nyembamba za fuwele. Kinachotokea ni hiki. Salfeti inaingia na maji kupitia vitundu vidogo, inakutana na yule mpangaji wetu, chokaa huru, na inamgeuza kuwa jasi. Jasi hiyo ikikutana na alumina iliyomo kwenye saruji inazaa zile sindano, nazo zinahitaji nafasi kubwa kuliko vitu vilivyozizaa. Nafasi haipo. Basi zege linajipasua lenyewe kutoka ndani.

Kule Kanada, kwenye nyanda za Saskatchewan ambako udongo umejaa chumvi hizi, misingi na mabomba ya zege yalikuwa yanaoza ardhini. Mkemia Thorbergur Thorvaldson wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan alitumia miaka mingi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuutafuta mzizi, na kazi yake ndiyo iliyosaidia kuleta saruji yenye alumina kidogo, inayostahimili salfeti. Hiyo ilikuwa njia moja, kumnyima adui chakula. Njia ya pili ilikuwa tayari inaruka hewani juu ya miji, na watu walikuwa wanaikohoa.

Hapa sasa ndipo tunafika kwenye majivu yenyewe. Vituo vya umeme vya makaa ya mawe vilipoanza kusaga makaa kuwa unga na kuyapuliza kwenye tanuru, majivu hayakubaki chini kama jikoni kwetu. Yaliyeyuka kwa joto, yakapaa na moshi, yakaganda hewani yakiwa vipira vidogo vya kioo, vingi vyembamba kuliko unywele. Mamlaka za miji zilipochoka na masizi, mitambo ikawekwa ya kuyanasa kwa umeme, uvumbuzi unaohusishwa na Frederick Cottrell wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kufikia miaka ya 1930 kampuni za umeme zilikuwa na milima ya vumbi la kijivu na hazijui pa kulipeleka.

Mwaka 1937 Raymond Davis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake walichapisha majaribio yao: vumbi hili likichanganywa na saruji linafanya kazi ile ile ya majivu ya Pozzuoli. Kioo chake kimejaa silika. Silika hiyo inamtafuta mpangaji asiyelipa kodi, inaungana naye, na wote wawili wanageuka kuwa gundi. Kwa maneno mengine, chokaa huru inapungua, gundi inaongezeka, na vile vitundu ambavyo salfeti ilikuwa inapitia vinazibwa. Tena kwa kuwa sehemu ya saruji imepunguzwa, ile alumina mbaya nayo imepungua. Adui anafika anakuta mlango mwembamba na chakula kimekwisha.

Lakini ni uongo kusema kwamba wahandisi wa Marekani waliyapenda majivu kwa sababu ya kutu na chumvi. Waliyapenda kwa sababu ya joto na pesa. Zege likiganda linatoa joto, na bwawa kubwa likipoa vibaya linapasuka. Pale Hoover, bwawa lililokamilika mwaka 1936, walilazimika kupitisha mabomba ya maji baridi ndani ya zege. Majivu yanafanya kazi polepole, hivyo joto linatoka kidogo kidogo. Kwa hiyo, kati ya mwaka 1948 na 1953, idara ya serikali inayosimamia mabwawa ya magharibi ikajenga bwawa la Hungry Horse, jimbo la Montana, lenye kimo cha mita 172, na kutia humo zaidi ya tani 100,000 za majivu. Katika zege la ndani, karibu theluthi ya saruji ilibadilishwa. Rais Truman alikwenda kulizindua Oktoba 1952. (Jina lake maana yake ni Farasi Mwenye Njaa. Inasimuliwa kwamba farasi wawili wa mizigo walipotea pale kwenye theluji mwanzoni mwa karne ya 20, wakakutwa baadaye mifupa mitupu lakini hai. Nimeipenda tu, haihusiani na saruji.)

Lile bwawa ndilo lililoondoa aibu. Kabla yake majivu yalikuwa taka. Baada yake yakawa malighafi, na viwango vya kitaalamu vikaandikwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu fundi wa mjomba hakukosea kila kitu, na hapa mtu akinisomea harakaharaka anaweza kwenda kuharibu nyumba ya mzazi wake. Majivu si yote sawa. Makaa mengine yana kalsiamu nyingi, na majivu yake nayo vilevile. Mhandisi Edwin Dunstan, wa idara ile ile ya mabwawa, alionyesha mwaka 1976, na tena mwaka 1980, kwamba baadhi ya majivu haya yenye kalsiamu nyingi hayazuii salfeti, na mengine yanaufanya ugonjwa uwe mbaya zaidi. Alitengeneza hadi hesabu ya kulinganisha kalsiamu na chuma kilichomo ili mtu ajue anachonunua. Yaani watu walikuwa wanaweka dawa ambayo kwa baadhi ya mifuko ilikuwa sumu, na kwa macho huwezi kutofautisha. Zote ni vumbi la kijivu.

Kisha kuna nondo. Kwa sisi wa pwani, adui mkubwa wa zege la nondo ni kloridi, chumvi ya kawaida ya bahari. Ndani ya zege zima nondo inalindwa na ukali wa alkali, na hapa ndipo ile chokaa huru inapolipa kodi yake, maana ndiyo akiba ya alkali hiyo. Kloridi ikiifikia nondo inatoboa ulinzi, kutu inaanza, na kutu inavimba kuliko chuma kilichoizaa. Mmeshaona dari za maghorofa ya zamani ya Upanga au Kariakoo zimebanduka, nondo nyekundu ziko nje kama mbavu. Majivu mazuri yanaichelewesha kloridi sana kwa sababu vitundu vimeziba. Upande wa pili, kwa kuwa yanaila chokaa, hewa ya ukaa inaweza kupenya na kuimaliza alkali mapema zaidi, hasa kama zege halikumwagiliwa vizuri. Hakuna cha bure.

Mfano mkubwa wa vita hii uko Ghuba, mahali ambapo Waswahili wengi wana ndugu. Chini ya mnara wa Burj Khalifa, Dubai, uliofunguliwa Januari 2010, maji ya ardhini yana kloridi hadi asilimia 4.5 na salfeti hadi asilimia 0.6. Ni makali kuliko maji ya bahari yenyewe. Mnara mrefu kuliko yote duniani umesimama juu ya nguzo za ardhini 192, kila moja na upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 43 hivi, zimezama kwenye mchuzi huo. Wahandisi waliweka nini? Asilimia 25 ya majivu ya makaa ya mawe na asilimia 7 ya vumbi laini zaidi la silika, na maji kidogo mno. Juu ya hapo wakaongeza mfumo wa umeme wa kuzuia kutu. Dubai wakati huo haikuwa na kituo hata kimoja cha umeme wa makaa, kwa hiyo majivu yalitoka nje, kwa meli. Herode angewaelewa.

Nilipomsomea mjomba hiyo kwenye simu alinyamaza, kisha akauliza: "Sasa kama ni mazuri hivyo, kwa nini wayamwage?"

Swali zuri kuliko yangu yote. Yanamwagwa kwa sababu yanatoka mengi kuliko yanavyotumika. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2008, huko Kingston, jimbo la Tennessee, ukingo wa bwawa la majivu ya kituo cha umeme ulivunjika. Meta za ujazo zaidi ya milioni 4 za tope la kijivu zilimwagika, zikafunika nyumba na kuingia mto Emory. Majivu yaleyale ambayo ndani ya zege ni kioo kilichofungwa, nje yake yana aseniki na metali nzito, na ni vumbi la kuvuta. Wafanyakazi waliosafisha waliugua, wengine wakafa, na mwaka 2018 wazee wa baraza mahakamani waliamua kwamba mkandarasi hakuwalinda ipasavyo. Mwaka 2014 shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilikubali matumizi yake ndani ya zege kuwa salama, kwa sababu yanapofungwa humo hayatoki kwa kiasi cha kutisha. Kwa hiyo sehemu salama zaidi ya kuyaweka majivu haya ni ndani ya nyumba yako. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikidhani nimekosea.

Na yanaanza kuadimika. Uingereza ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa tarehe 30 Septemba 2024. Huko sasa wanafikiria kufukua mashimo ya zamani, taka za babu, ili wapate malighafi ya zege. Kwetu Tanzania umeme wa makaa haujawahi kuwa mwingi, ndiyo maana mifukoni mwetu tunaona P, pozolana ya asili, na tuna mikoa ya volkano kama Mbeya yenye mali hiyo. Mkiona V ndiyo majivu ya makaa, L ni mawe ya chokaa, S ni takataka ya tanuru la chuma. Ile IV/B maana yake pozolana ni kati ya asilimia 36 na 55. Mjomba alishtuka hapo, nami nilishtuka. Namba 32.5 ndiyo nguvu inayotakiwa baada ya siku 28, siyo baada ya siku saba.

Na hiyo ndiyo ilikuwa shida halisi ya Bagamoyo. Niliporudi mara ya pili nilimuuliza fundi anamwagilia nguzo siku ngapi. Akasema mbili, maji ni ya kununua. Nikauliza mchanga unatoka wapi. Akaangalia upande wa bahari, hakujibu. Kumbe tulikuwa tunagombana na mfuko wakati chumvi ilikuwa inaingizwa kwa toroli, na zege linalohitaji muda mrefu kushiba maji lilikuwa linaachwa juani siku ya tatu.

Mjomba alimtafuta mhandisi wa kulipwa, kijana wa makamo yangu, ambaye alisema jambo lile lile kwa maneno machache zaidi. Kwa slabu na nguzo akataka saruji ya 42.5, mchanga wa mto, na nondo zikae ndani ya zege zaidi. Ile ya P ikabaki kwa kazi za tofali na lipu. Nguzo mbili zilizokwisha kumwagwa kwa mchanga wa pwani zikavunjwa. Fundi alizivunja mwenyewe, kwa nyundo, bila kusema neno.

Jumapili iliyopita nilipita. Nguzo mpya zimevishwa magunia yaliyolowa, na mke wa mjomba ameweka daftari ukutani anaandika siku. Walikuwa wamefika ya kumi na moja. Fundi alinipa mkono lakini bado hanipendi.